Kutu kwenye patasi na droo zinazokwama: ugonjwa ni mmoja

Mafundi wanaoniuliza kuhusu kutu huanza na swali lilelile: nipake mafuta gani? Jibu langu huwakera, kwa sababu naanza na maji. Futa kwanza kwa kitambaa kilicholowa maji matamu na kukamuliwa vizuri, kausha, ndipo mafuta yafuate.

Mimi ni seremala Tanga, na upepo wa bahari unaingia karakana bila hodi. Haubebi unyevu tu, unabeba na chumvi. Ndani ya chumvi ya bahari mna kloridi ya magnesi, ambayo hufyonza maji hata unyevu wa hewa ukishuka hadi asilimia 33 hivi, na hewa ya huku pwani ni nadra mno kukauka kiasi hicho. Kwa hiyo chembe ya chumvi ikishatua juu ya chuma, inakaa imelowa mchana na usiku, masika na kiangazi. Ukiipaka mafuta umeifunika tu, kutu inaendelea kula chini kwa chini.

Jasho nalo ni chumvi. Shika ubavu wa randa ya chuma mchana wa jua kali, uirudishe sandukuni bila kuifuta. Baada ya siku moja mbili utakuta alama ya kidole gumba imejichora kwa wekundu, mistari yote inasomeka. Hakuna sanduku, hata liwe la bei gani, litakalokuokoa na kidole chako mwenyewe.

Mafuta yenyewe si jambo kubwa. Kwa patasi na randa za kila siku natumia mafuta ya cherehani kwenye kipande cha fulana kuukuu, utando mwembamba tu usiochuruzika. Vifaa vinavyolala muda mrefu napaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, maana nta haikimbii upesi. Zile kopo za kupulizia mnazozipenda zina kazi yake. WD-40, kwa mfano, ilitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, na hilo inalifanya vizuri. Ila utando inaouacha ni mwembamba, haufai kutegemewa msimu mzima. Mafuta ya taa ndiyo kabisa: yanasafisha, yanakauka, yanaondoka, na chuma kinabaki uchi.

Vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu, vinavyokuja na viatu vipya, navyo naulizwa sana. Vinasaidia kwenye kisanduku kidogo kinachofunga sawasawa, mathalani cha biti za keekee. Kwenye sanduku la droo linalofunguliwa kutwa, vinashiba mapema na kubaki mapambo. Ukivitoa vile vipunje na kuvikausha kwenye oveni, nyuzi 120 kwa saa moja mbili, vinarudi kazini, lakini nani atafanya hivyo kila wiki? Mchele, ambao wengine huutia sandukuni ili ufyonze unyevu, sina la kusema juu yake, uende jikoni.

Sasa droo. Unyevu uleule unaokula patasi ndio unaovimbisha mbao, na mbao huvimba kwenda upana wake. Urefu wa nyuzi karibu haubadiliki. Ubavu wa droo wenye kimo cha sentimita 15 unaweza kuongezeka milimita moja au moja na nusu kati ya ukavu na masika, ikiwa ni mbao ya kawaida. Mtiki hucheza kidogo kuliko hapo, na sisi huku tuna bahati, shamba la mitiki la Longuza liko Muheza, mkoani kwetu. Hata hivyo nafasi lazima iachwe juu ya droo, na iachwe kulingana na msimu: ukiitengeneza Februari mbao imekauka, acha zaidi, ukiitengeneza Mei imeshavimba, acha kidogo.

Kijana wa karakana ananijia kila masika: "Fundi, hii imekaza, niipige randa?" Namwambia alete chaki kwanza. Unapaka chaki mbavu na kingo za droo, unaisukuma ndani, unaitoa. Pale ilipofutika ndipo inapogusa. Mara nyingi ni sehemu ndogo kama kucha, karibu na kona ya nyuma, na inataka kukwanguliwa kidogo tu. Ukipitisha randa ubavu mzima, kiangazi kikifika droo inalegea, inakaa upande, na droo iliyolegea hukwama vibaya kuliko iliyokaza. Droo pana isiyoingia ndani sana ndiyo mkorofi wa kwanza kwa upande huo. Ivute katikati, si kwa mpini mmoja wa pembeni.

Kwenye reli za mbao sugua mshumaa mkavu, basi. Sabuni inateleza siku ya kwanza, kisha inavuta unyevu. Mafuta ya kula yanageuka gundi. Reli za chuma zenye gololi ni habari nyingine: grisi nyingi ikikutana na unga wa mbao inakuwa msasa. Zioshe kwa brashi na mafuta ya taa, zikauke, tia tone la mafuta mepesi, futa yaliyozidi.

Maranda yasilale ndani ya droo, yanatunza unyevu. Zulia la kutandika chini, ambalo wengi hulipenda kwa uzuri, linafanya vivyo hivyo. Ala za ngozi zina kemikali na chumvi za kutengenezea ngozi, kwa hiyo kisu kisilale humo. Na ukinunua sanduku kuukuu la mwaloni kutoka Ulaya, jua kwamba mbao hiyo hutoa mvuke wa asidi ya siki unaochokoza chuma na risasi. Libaki wazi mara kwa mara.

Kimoja nakataza kabisa karakana ya samani: dawa ya kupulizia yenye silikoni. Droo itateleza kweli, lakini silikoni ikigusa mbao unayotaka kupiga vanishi, vanishi inakimbia na kuacha vishimo vya mviringo, na msasa pekee hauiondoi.