Wizi wa Dakika za Simu za Nje Kupitia Mitambo ya Simu za Intaneti

Mtambo wowote wa simu za intaneti, yaani ule unaounganisha simu za ofisi na laini za nje kupitia intaneti, uliopewa anwani ya IP ya umma (inayofikika na yeyote kwenye intaneti) na kuachwa wazi kwenye poti namba 5060, mlango wa kawaida wa simu hizo, haukai muda mrefu kabla ya kuanza kubishiwa hodi na watu wasiojulikana. Fundi akifungua kumbukumbu za mtambo asubuhi atakuta safu ndefu za maombi yaliyokataliwa. Mmoja alijaribu kujisajili kama namba ya ndani (ekstensheni ya mfanyakazi) 100, kisha 101, kisha 102, akaendelea hivyo mamia ya mara. Mwingine hakuhangaika kujisajili, bali alituma moja kwa moja ombi la kupiga simu kwenda namba inayoanza na 00972 (972 ni namba ya nchi ya Israeli), baada ya sekunde chache 000972, halafu 900972, halafu 011972. Namba yenyewe ni ileile, kinachobadilika ni tarakimu za mwanzo tu. Ofisi nyingi huyaona maandishi hayo na kuyapuuza kwa sababu kila mstari umeishia kwa kukataliwa. Makala haya yanaeleza wanaotuma maombi hayo wanatafuta nini na fedha yao hutoka wapi, kwa kuwa asiyeijua njia ya fedha huishia kuweka kinga mahali pasipohusika.

Hakuna mtu aliyeketi akibonyeza namba hizo. Kazi hufanywa na programu zinazopekua mamilioni ya anwani za intaneti mfululizo. Iliyozoeleka zaidi ni SIPVicious, iliyotolewa mwaka 2007 kwa ajili ya wakaguzi wa usalama, ambayo wahalifu nao waliichukua. Katika kumbukumbu za mitambo mara nyingi hujitambulisha kwa jina «friendly-scanner». Programu ya namna hii huanza kwa kuuliza kama kuna mtambo wa simu katika anwani fulani, kisha hutafuta namba za ndani zilizopo. Mtambo ambao haukurekebishwa vizuri husaidia bila kukusudia, kwa kuwa hutoa jibu moja kwa namba ya ndani isiyokuwepo na jibu jingine kwa iliyopo lakini nenosiri lake limekosewa. Orodha ya namba zilizopo ikishapatikana, kinachobaki ni kubahatisha nenosiri. Nenosiri la tarakimu nne lina uwezekano 10,000 tu. Programu inayojaribu mara 20 kwa sekunde huumaliza wote kwa dakika zisizofika tisa. Na zipo ofisi ambako nenosiri la namba ya ndani 204 ni 204.

Kubadilisha tarakimu za mwanzo nako kuna sababu. Mshambuliaji hajui ofisi hiyo hutokaje nje. Kwingine mtumiaji hubonyeza kwanza 9 au 0 ili apate laini ya nje. Marekani simu ya kimataifa huanza na 011, nchi nyingi za dunia huanza na 00, nasi Tanzania, Kenya na Uganda tumezoea 000. Programu hupitia mchanganyiko mmoja baada ya mwingine hadi simu moja ya majaribio ilie kwenye namba ambayo mshambuliaji mwenyewe anaimiliki. Hapo huandika anwani ya mtambo, tarakimu zilizofungua njia na saa iliyofanikiwa, kisha hunyamaza. Simu hiyo moja ya sekunde chache, iliyofika nje usiku bila mfanyakazi yeyote kuipiga, ndiyo dalili yenye uzito kuliko maelfu ya maombi yaliyokataliwa, na ndiyo inayosahaulika kwa sababu gharama yake ni ndogo mno kuonekana kwenye bili.

Sasa kuhusu fedha. Simu ya kimataifa hupita mikononi mwa kampuni kadhaa. Kampuni inayoihudumia ofisi huikabidhi kwa msafirishaji wa jumla, huyo humkabidhi mwingine, mpaka ifike katika mtandao wa nchi inayopigiwa, na kila mmoja humlipa anayemfuata kwa kila dakika. Mtandao wa mwisho hulipwa ada ya kupokea simu, na ada hiyo hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Nchi zenye ada kubwa ndizo zinazowavutia wezi, zikiwemo Somalia, Gambia, Maldivi na Kuba, pamoja na mitandao ya satelaiti yenye namba zinazoanza na 881 na 882. Katika soko hilo wapo wauzaji wanaokodisha mafungu ya namba na kumgawia mwenye kuleta simu sehemu ya ada inayokusanywa. Mwizi hujiandikisha kwao, hupewa namba zake, kisha huhakikisha zinapigiwa dakika nyingi kadiri inavyowezekana kwa laini ya mtu mwingine. Hahitaji mtu wa kuzungumza naye. Hahitaji hata kusikia mazungumzo ya ofisi wala kusoma nyaraka zake. Alichokifuata ni haki ya ofisi hiyo kupiga simu nje kwa mkopo.

Kiini cha mambo kimo kwenye tofauti ya muda. Mwizi hulipwa mapema, pengine kila wiki, ilhali ofisi huletewa bili mwisho wa mwezi. Inapofika bili, kila aliyeko kwenye mnyororo amekwishamlipa mwenzake, na mikataba mingi humtwika mteja gharama ya kila simu iliyotoka kwenye mtambo wake, awe ameipiga yeye au la.

Tuchukue hesabu ya mfano. Ofisi ina laini ya nje inayoruhusu simu 20 kwa wakati mmoja, na dakika moja ya kwenda nchi inayopigiwa inagharimu nusu dola. Wafanyakazi wanaondoka Ijumaa saa 12 jioni na kurudi Jumatatu saa 2 asubuhi, yaani baada ya saa 62. Chaneli zote, yaani nafasi hizo 20 za simu, zikitumika bila kupumzika, hizo ni dakika 74,400 na deni la dola 37,200. Mwisho wa wiki na sikukuu ndio wakati wa kazi wa wezi, kwa kuwa hakuna anayeitazama mitambo.

Mfano huu si wa kufikirika tu. Machi 2014, kampuni ndogo ya wasanifu majengo ya Norcross, jimbo la Georgia nchini Marekani, yenye watu saba, iligundua kwamba mtambo wake umetumika mwisho wa wiki mmoja kupiga simu za dola 166,000 kwenda Gambia, Somalia na Maldivi. Kabla ya hapo kuna shauri la Edwin Pena wa Miami, aliyekamatwa mwaka 2006 na kushtakiwa katika jimbo la New Jersey. Yeye alijitangaza kuwa muuzaji halali wa dakika za simu kwa bei ya jumla, akauza zaidi ya dakika milioni 10, na simu zenyewe akazipitisha kwa siri kwenye mitandao ya kampuni nyingine, zilizopata hasara ya zaidi ya dola milioni 1.4. Mbinu yake ilikuwa ileile ya kutuma simu nyingi za majaribio zenye tarakimu tofauti za mwanzo hadi mtandao ukubali moja. Alitoroka, akakamatwa Meksiko mwaka 2009, na mwaka 2010 akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Mshirika wake, Robert Moore, aliyefanya kazi ya kupekua mitandao, alisema baadaye kwamba vifaa vingi alivyoviingia vilikuwa bado na nenosiri la kiwandani.

Shauri jingine, lililosikilizwa pia New Jersey, linaonyesha ukubwa ambao wizi huu unaweza kufikia. Kundi lililoendeshwa kutoka Pakistani liliingia kwenye mitambo ya simu ya kampuni za Marekani, likatafuta namba za ndani zisizo na mtumiaji na kuzipanga upya ili zipige namba za malipo ya juu zilizo mikononi mwa kundi hilohilo. Aliyepiga namba hizo hakusikia huduma yoyote, ila mlio bandia wa simu, sauti iliyorekodiwa ya kuomba nenosiri, au kimya. Muhammad Sohail Qasmani, aliyekiri kosa na kuhukumiwa miezi 48 mwaka 2017, alikuwa amesafirisha zaidi ya dola milioni 19.6 za mapato hayo. Inafaa kuzingatia pale walipoanzia: namba ya ndani isiyo na mtumiaji, ambayo hakuna aliyeifuta.

Si kila mara mlango huwa nenosiri dhaifu. Novemba 2020 watafiti wa Check Point, kampuni ya usalama wa mtandao, walieleza kampeni iliyoingia katika mitambo ya simu ya karibu taasisi 1,200 ndani ya mwaka mmoja, Uingereza ikiongoza kwa walioathirika. Washambuliaji walitumia kasoro ya FreePBX, programu inayotumika sana kusimamia mitambo ya simu inayoendeshwa na programu ya Asterisk, iliyomwezesha mtu kuingia kwenye ukurasa wa msimamizi bila kujua nenosiri. Kasoro hiyo ilikuwa imesharekebishwa tangu Novemba 2019, na waliosakinisha sasisho mapema walikuwa salama. Agosti 2025 kasoro nyingine ya programu hiyohiyo ilianza kutumiwa kabla marekebisho hayajatoka, na walionusurika ni wale ambao ukurasa wao wa msimamizi haukufikika kutoka intaneti. Kwa maoni yangu hakuna sababu yoyote ya ukurasa huo kuonekana hadharani. Msimamizi aliye mbali apite kwenye VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti.

Mafundi wengi wakiombwa ushauri huanza na Fail2ban, programu inayozifungia anwani zinazokosea nenosiri mara kwa mara. Ni hatua nzuri na iwekwe. Hata hivyo mshambuliaji ana maelfu ya anwani, anaweza kujaribu taratibu kutoka kila moja, na aliyepata nenosiri sahihi hakosei hata mara moja. Faiawoli, yaani kizuizi kinachochuja mawasiliano ya mtandao, inayokubali tu anwani za mtoa huduma na za matawi ya ofisi ni bora zaidi. Maneno ya siri yawe marefu na yatengenezwe na mtambo wenyewe, kwa kuwa simu ya mezani huingiziwa mara moja tu na hakuna mtu anayelazimika kuyakariri. Mambo hayo yote hupunguza uwezekano wa kuingiliwa. Hayajibu swali ambalo kila mwenye mtambo anapaswa kujiuliza kwanza: mwizi akiingia leo usiku, ataweza kupiga wapi, kwa muda gani na kwa fedha kiasi gani?

Jibu la swali hilo hupangwa sehemu mbili, kwenye mtambo na kwa mtoa huduma, na sehemu ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi kwa sababu mwizi aliyeuteka mtambo anaweza kubadilisha kila kilichopangwa ndani yake. Mwandikie mtoa huduma afunge simu zote za kimataifa, kisha afungue nchi zile tu ambazo ofisi inazipigia kweli. Omba kikomo cha gharama kwa siku, na si kwa mwezi. Omba idadi ya simu za nje za wakati mmoja ipunguzwe. Shule au zahanati isiyopiga zaidi ya simu mbili nje kwa pamoja haina haja ya chaneli 20. Pale inapowezekana, laini ya simu za nje iwe ya malipo ya kabla bila kujiongezea salio yenyewe, maana hapo hasara kubwa kuliko zote ni salio lililomo. Ndani ya mtambo, ruhusa ya kupiga nje ipewe namba za ndani zinazoihitaji, nayo ifungwe nje ya saa za kazi. Uhamishaji wa simu kwenda namba za nje uzuiwe pia, kwa sababu mwizi aliyepata nenosiri la sanduku la sauti anaweza kuutumia kupata matokeo yaleyale.

Kuhusu nchi za kufunga, nawaomba wasimamizi wa Afrika Mashariki wawe makini na orodha zinazonakiliwa kutoka nje. Karibu zote zinataja Somalia, na mfanyabiashara wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam mwenye wateja Mogadishu hawezi kuifunga 252, namba ya nchi ya Somalia, kwa kila mtu. Isitoshe, mara nyingine simu ya wizi haifiki kabisa katika nchi ambayo namba yake imepigwa: msafirishaji asiye mwaminifu huikatisha njiani, huijibu mwenyewe kwa sauti iliyorekodiwa na kubaki na fedha, na nchi hiyo huchafuliwa jina bila kupata chochote. Ofisi yenye shughuli huko iifungulie 252 kwa namba za ndani za wanaohusika, mchana, kwa kikomo kidogo. Familia na biashara za watu zisikatiwe mawasiliano kwa makosa ya wezi.

Ukigundua simu usizozitambua, kata kwanza laini ya nje, ama kwenye mtambo ama kwa kuchomoa waya wa intaneti, kisha mpigie mtoa huduma wakati huohuo bila kusubiri Jumatatu. Usifute wala kusakinisha upya chochote kabla ya kunakili kumbukumbu za mtambo na orodha ya simu zilizopigwa pamoja na saa zake. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, na Kenya chini ya sheria yake ya mwaka 2018. Kwa hiyo toa taarifa polisi na uchukue namba ya jalada. Namba hiyo mpe mtoa huduma kwa maandishi, ukimtaka awaarifu wasafirishaji waliopokea simu hizo wazuie malipo yanayoelekea kwa wauzaji wa namba. Msafirishaji anaweza kuzuia fedha ambayo bado hajaitoa, na taarifa iliyomfikia ndani ya siku chache humkuta akiwa bado nayo.