Kundi la Majadiliano Mtandaoni: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Kila msimu wa korosho unapokaribia, makundi mapya ya wakulima huanzishwa kwenye simu huku Mtwara na Lindi, na mengi hunyamaza kabla minada haijaisha. Chanzo kikubwa ni imani ya waanzilishi kwamba kundi zuri ni kundi kubwa. Ni kweli kwamba WhatsApp inaruhusu hadi watu 1,024 katika kundi moja na Telegram hadi 200,000, lakini wingi huo hauleti mazungumzo. Wanachama wa chama kimoja cha msingi cha ushirika kule Newala, wanaopeleka korosho zao ghala moja na kusubiri malipo ya mnada mmoja, wana la kujadili tangu siku ya kwanza, ilhali kundi la "wakulima wote wa kusini" huishia kwenye salamu za asubuhi na matangazo ya biashara.

Dhana yenye madhara makubwa zaidi ni kwamba habari iliyosambazwa na wengi ni ya kweli. Tuchukue ujumbe unaosema bei imepanda Tandahimba, usiotaja tarehe, wala chama kikuu cha ushirika kilichoendesha mnada, wala kama hiyo ni bei ya juu au ya chini. Huenda ni wa msimu uliopita, na huenda umeandikwa na mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo, anayetaka kumtia mkulima wasiwasi ili auze nje ya ghala. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kundi iwe kwamba bei isiyo na tarehe, jina la chama kikuu na ghala haipokelewi, na msimamizi aifute papo hapo, hata kama aliyeileta ni mzee anayeheshimika. Wapo wanaojitetea kwamba wao wamesambaza tu, hawakuandika. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamgusa anayechapisha taarifa huku akijua kuwa ni ya uongo na akikusudia kupotosha umma, awe ameitunga mwenyewe au ameipata kwa mwingine.

Wengine huamini kwamba yasemwayo kundini ni siri. Tangu 2016 WhatsApp hufunga ujumbe usisomwe njiani, lakini ukishafika, mwanachama yeyote anaweza kuupiga picha na kuupeleka kwingine, na kwa kawaida namba za simu huonekana kwa wanakundi wote. Kumwunganisha mama wa watu bila kumwomba ridhaa ni kumkosea heshima.

Si kweli pia kwamba asiyejua kuandika hana nafasi. Ujumbe wa sauti unamtosha kuuliza kuhusu ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, au salfa, dawa ya kuudhibiti, iliyochelewa. Msimamizi aongeze chini yake mstari mmoja wa maandishi, kwa kuwa sauti haitafutiki baadaye mtu mwingine anapopatwa na tatizo hilohilo.