Ile mistari mirefu kwenye bakodi sio 666

Hii ya kwamba kila bakodi imefichwa 666, chapa ya mnyama ya kwenye Ufunuo, imezunguka miaka mingi na watu wanakuonyesha kabisa: angalia ile mistari miwili miwili mirefu, mwanzo, katikati na mwisho, haina namba chini yake. Na kweli inafanana na mistari ya 6, macho yao hayajakosea, 6 inavyochorwa kwenye nusu ya kulia ya bakodi nayo ina mistari miwili myembamba.

Ila skana haiangalii mistari tu jamani. Inamulika mwanga, nyeupe inaurudisha nyeusi inaumeza, afu inapima upana wa kila mstari NA wa kila nafasi nyeupe. Tarakimu yoyote inachukua vipande 7 vya upana sawa. 6 ya kulia ni cheusi, cheupe, cheusi, halafu vyeupe vinne, na hivyo vinne ndo vinaifanya iwe 6. Ile mirefu ya pembeni ina vipande 3 tu, ya katikati 5, kwa hiyo mashine haiwezi kuisoma 6 hata siku moja, kazi yake ni kuiambia skana hapa ndo mwanzo, hapa kati, hapa mwisho, na kipande kimoja kina upana gani, maana pakiti ikisogea karibu au mbali upana nao unabadilika. Mimi sipendi kabisa waumini watishwe kwa kitu kinachopimika hivi.

George Laurer wa kampuni ya kompyuta ya IBM, aliyeubuni mfumo huu kule Marekani ulioanza kutumika dukani 1974 kwa pakiti ya chingamu, alishaulizwa hili na akajibu kwamba ni kufanana tu kwa bahati.