Livingston na Livingstone: jina moja, mahali pengi

Ukisimama Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, milima inayokuinukia upande wa mashariki ni Milima ya Livingstone. Wengi hudhani jina hilo linaanza na kuishia kwa David Livingstone, yule mmisionari aliyekutwa na mwandishi wa habari Stanley pale Ujiji mwaka 1871. Lina historia ndefu kuliko hiyo.

Livingston ni mji wa Scotland, magharibi ya Edinburgh. Katika karne ya 12 bwana mmoja aitwaye Leving alikuwa na ardhi hapo, na makazi yake yakaitwa kwa jina lake. Baadaye wenye ardhi hiyo nao wakajulikana kwa jina la mahali, wakalirithisha watoto. Hili ndilo jina la ukoo litokanalo na mahali: mtu hutajwa kwa alikotoka, kisha jina linabaki hata kizazi chake kikihamia ng'ambo. Kijiji chenyewe hakikukua sana mpaka 1962, serikali ilipoamua kujenga hapo mji mpya.

Waliohama walifika mbali. Ukoo wa Livingston ulipata ardhi kubwa New York, na mmoja wao, Robert R. Livingston, ndiye aliyemwapisha George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, mwaka 1789. Mdogo wake Edward alikuwa mtunzi wa sheria. Guatemala walizipenda sheria zake hata mji wao mmoja wa pwani ya Karibi, wanakoishi Wagarifuna (watu wenye asili ya Afrika na ya wenyeji wa Karibi), ukaitwa Livingston.

Sasa David. Alizaliwa Blantyre ya Scotland mwaka 1813, na babu yake alitoka kisiwa cha Ulva, magharibi mwa Scotland, mbali kabisa na mji wa Livingston. Kwa Kigaeli, lugha ya kale ya Scotland, ukoo wao ni Mac an Lèigh, yaani mwana wa tabibu (na kweli David alisomea udaktari). Livingstone ni jina walilolishika upande wa Kiingereza. Kwa hiyo mji wa Livingstone ulioko Zambia, jirani na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria), na Livingstonia ya Malawi, vinamfuata yeye, si ule mji wa Scotland.

Tahajia husaidia kidogo: penye "e" mwishoni, mara nyingi anayekumbukwa ni David, ingawa ujanani hata yeye aliliandika bila hiyo "e". Pasipo nayo, tafuta ukoo wa Marekani kwanza. Livingston ya jimbo la Montana, Marekani, kwa mfano, imepewa jina la mkurugenzi wa kampuni ya reli.