Kasisi haletwi, anaitwa: maelezo ya mhazini

Nilipochaguliwa kuwa mhazini wa parokia ya Kiepiskopali, yaani ya Kianglikana, hapa Marekani, nilidhani kazi ni ileile aliyoifanya baba kanisani kwetu Tanzania: kuhesabu sadaka, kujaza daftari, kupeleka fungu la dayosisi. Kikao cha kwanza kilinizindua. Kasisi alikuwa amestaafu, na hoja mezani ilikuwa tumwite nani, na tutamlipa kiasi gani. Nikangoja mtu aseme tumsubiri askofu atuletee mwingine. Wapi!

Kwetu askofu ndiye humpanga kasisi. Huku baraza la walei, yaani vestri, ndilo humwita, baada ya kushauriana na askofu. Chanzo chake ni cha zamani. Kanisa la Uingereza lilifika Virginia bila askofu hata mmoja. Wa kwanza wa Marekani, Samuel Seabury, aliwekwa wakfu Aberdeen, Scotland, mwaka 1784, vita vya uhuru vikiwa vimekwisha. Kwa miaka yote hiyo vestri ndizo zilizoshika mpini, na nyingi zilimwajiri kasisi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja ili asije akaota mizizi. George Washington aliingia vestri ya parokia ya Truro, hukohuko Virginia, mwaka 1762. Tusiipambe historia hiyo: waliokaa pale walikuwa wenye mashamba waliomiliki watumwa, na kodi ya kanisa ililipwa kwa tumbaku, utake usitake. Wanawake nao hawakuruhusiwa rasmi kukaa kama wajumbe katika Mkutano Mkuu wa kanisa hadi mwaka 1970.

Kodi hiyo ilikufa, madaraka ya walei yakabaki. Sasa anayemwita kasisi ndiye anayemlisha, na hapo ndipo uwakili, yaani kumtunzia Mungu mali yake, unapoanza kuuma. Kila vuli waumini hujaza kadi za ahadi za sadaka za mwaka unaofuata, nami hujumlisha kadi hizo kabla ya kuandika tarakimu yoyote ya bajeti. Tuseme mshahara na nyumba ya kasisi ni dola 60,000. Juu yake kuna asilimia 18 ya mfuko wa pensheni wa makasisi, yaani dola 10,800, ambazo hazina mjadala. Bado bima ya afya, mchango wa dayosisi, na kupasha jengo joto wakati wa baridi. Ndiyo maana ahadi ya dola 20 kwa wiki inayotimizwa hunifaa kuliko bahasha nono ya Krismasi ambayo sikujua kama ingekuja.

Jambo lililonishangaza zaidi ni usiri. Kanisani nilikokulia majina na ahadi vilisomwa mbele ya watu, na mwenye deni aliinamisha kichwa. Huku najua mimi na mtunza kumbukumbu. Katika parokia nyingi hata kasisi hajui. Kusema kweli, naona wamepatia, ingawa ule moto wa mnada wa kuku na ndizi baada ya ibada bado naukumbuka.

Mipaka nayo ipo. Ibada ni ya kasisi. Vestri haimchagulii nyimbo. Sadaka ya Jumapili moja kila mwezi, ile isiyotajiwa kazi, huwa mikononi mwake kwa ajili ya wenye shida. Jengo hatuwezi kuliuza wala kuliweka rehani bila ridhaa ya askofu na kamati ya kudumu ya dayosisi. Vitabu vyangu hukaguliwa kila mwaka.

Ugomvi mkubwa, hata hivyo, huwa juu ya fedha zilizotolewa kwa kazi maalumu. Boila ya kupasha kanisa joto ilipokufa mwezi Januari, mama mmoja wa vestri aliniuliza, "Mhazini, kwani fedha zote si za Mungu?"

"Za Mungu ndiyo, mama. Ila hizi, marehemu aliyetuachia aliandika ni za kinanda."

Tukaimba na makoti hadi Machi.