Je, wajua kwa nini kuhani wa mauti ndiye huwahi kuokoa maisha?

Jumamosi moja alasiri, sebuleni South B, Nairobi, tulikuwa watano mezani tukianza hadithi mpya katika mchezo wa kuigiza wahusika. Kila mmoja alitaja mhusika wake: huyu askari, yule mwizi wa mjini, mwingine mchawi msomi. Zamu ilipomfikia dada mmoja, alisema atakuwa kuhani wa mungu wa mauti. Kimya kikatanda. Kaka aliyeketi karibu nami akauliza, "Dadangu, huyo si atatumaliza sisi wenyewe?"

Lilikuwa swali la haki. Wengi wetu tumelelewa kanisani au msikitini, na Ziraili hatajwi ovyo. Lakini kuhani huyo alikuja kutuokoa mara nyingi kuliko mhusika mwingine yeyote, na sababu imo ndani ya sheria za mchezo wenyewe.

Mchezo ni Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mwendesha mchezo husimulia, wachezaji husema wahusika wao wanatenda nini, na penye shaka dadu ya pande 20 huamua. Kuhani alizaliwa humo kwa sababu ya maiti asiyetaka kulala. Kabla ya kitabu kuchapishwa, kwenye meza ya Arneson palikuwa na mchezaji aliyeigiza mnyonya damu, Sir Fang, na mnyonya damu huyo akawazidi nguvu wote. Ikabidi abuniwe wa kumkabili: mtu wa dini awezaye kuwafukuza wafu wanaotembea. Kwa hiyo tangu mwanzo kazi ya kuhani imekuwa kulinda mpaka kati ya walio hai na waliokwenda.

Toleo la tano la mchezo liliwagawa makuhani wa mauti katika mafungu mawili, yaani matawi ya ukuhani, kila moja na uwezo wake. Mwaka 2014 lilikuja fungu la Mauti, lililowekwa katika kitabu cha mwendesha mchezo kwa ajili ya wahusika waovu, wanaoua na kuamsha maiti wawatumikie. Mwaka 2017 likafuata fungu la Kaburi. Kwa kuhani wa Kaburi, kifo ni sehemu ya safari ya kila kiumbe, na kumnyima marehemu pumziko lake ni chukizo. Huyu wa pili ndiye aliyeletwa na dada yetu.

Mhusika akiishiwa nguvu hadi sifuri, hafi papo hapo. Kila zamu anarusha dadu ya pande 20: akipata 10 au zaidi ni hatua moja kuelekea uhai, chini ya hapo ni hatua moja kuelekea kaburini. Zikitimia tatu za upande wowote, shauri limekwisha. Akipata 1, hiyo huhesabiwa kama kushindwa mara mbili. Hapo ndipo kuhani wa Kaburi anapokuwa nyumbani. Makuhani wengine wakimponya aliyeanguka hurusha dadu ya uponyaji, na huenda ikatoka 2 kati ya 8. Yeye, kwa aliye sifuri, huhesabu 8 kamili bila kurusha. Anaweza pia kumtuliza anayekata roho, asife, akiwa umbali wa mita tisa hivi, na bado zamu yake ikabaki na nafasi ya tendo jingine. Amezoea mlango ule, kwa hiyo anajua jinsi ya kuusukuma ujifunge.

Kwetu mtu kama huyu tunamjua. Ni mwosha, anayeingia chumbani wengine wanapotoka nje kulia. Waswahili husema mwosha huoshwa, na nadhani msemo huo unamweleza kuhani wa Kaburi kuliko fuvu lolote lililochorwa kwenye joho. Ni mama anayekaa na wafiwa jioni baada ya jioni, akiandika michango ya kumsafirisha marehemu nyumbani. Hapendi kifo. Hakikimbii tu.

Wabunifu wa mchezo mwingine, Pathfinder, waliliona hili vizuri. Mungu wao wa mauti, Pharasma, ndiye pia mungu wa kuzaliwa. Mkunga na mzishi humwomba mmoja, na wafu wanaotembea ndio anaowachukia kuliko wote.

Ukitaka kumwigiza, basi, mpe kazi kabla ya kumpa huzuni. Dada yetu alikuwa na daftari dogo. Baada ya kila vita, kabla hatujapekua mifuko ya maadui, aliuliza majina yao na kuyaandika. Mwanzoni ilituchosha. Baada ya miezi miwili tulianza kutafuta njia za kutopigana, kwa sababu kila jina lilisomwa kwa sauti. Miongoni mwa tambiko za fungu lake mna ile ya kumhifadhi maiti siku 10 asioze wala kuamshwa: chembe za chumvi, na sarafu ya shaba juu ya kila jicho.

Kisha yule kaka aliyeuliza swali la kwanza akafiwa na mhusika wake. Dadu tatu, zote mbaya, na kuhani alikuwa mbali kupita kiasi. Kufufua kuliwezekana: tulikuwa na almasi ya thamani ya vipande 500 vya dhahabu, na siku 10 hazijapita. Lakini sheria inataka roho yenyewe ikubali kurudi. Dada akafunga daftari, akamgeukia. "Kaka, unataka kurudi?"

Alifikiri kwa muda mrefu. Askari wake alikuwa amekufa akiwafunika watoto wa kijiji kwa ngao. Akatikisa kichwa, akatoa shilingi mbili mfukoni na kuziweka juu ya karatasi ya mhusika, pale alipokuwa amemchora uso.