Aliyepinduliwa na Wasovieti Kabul alikuwa mkomunisti mwenzao

Bado nasikia watu wakisema kwamba Desemba 1979 Muungano wa Kisovieti uliivamia Afghanistan ili kuing'oa serikali iliyopinga ukomunisti. Sivyo. Wakomunisti walishika madaraka Kabul tangu Aprili 1978, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeshawaka: mageuzi ya ardhi kwa mabavu, watu kukamatwa ovyo na kuuawa, wanavijiji wakachukua silaha.

Machi 1979, mji wa Herat ulipoasi, kiongozi wa nchi Nur Muhammad Taraki alimpigia simu Waziri Mkuu wa Kisovieti, Kosygin, akiomba askari. Aliomba hata waletwe askari wa Kisovieti wa makabila ya Watajiki na Wauzbeki, yaliyoko pia Afghanistan, waliovaa kama Waafghani, wasitambulike. Akakataliwa.

Kilichobadili msimamo wa Moscow ni ugomvi ndani ya chama. Hafizullah Amin alimpindua Taraki na kuamuru auawe, na Wasovieti wakaacha kumwamini. Tarehe 27 Desemba Amin alitiliwa sumu chakulani katika kasri la Tajbeg. Madaktari wa Kisovieti, wasiojua lolote kuhusu mpango huo, walimtundikia dripu wakamzindua. Jioni ileile makomando wa Kisovieti wakavamia kasri na kumuua. Majeshi ya Kisovieti yaliyoingia nchini alikuwa ameyaomba Amin mwenyewe, akidhani yanakuja kumlinda.

Nafasi yake akapewa Babrak Karmal, mkomunisti wa kundi hasimu. Askari wa Kisovieti walikaa hadi tarehe 15 Februari 1989. Wao walipoteza watu wapatao 15,000. Waafghani waliokufa wanahesabiwa kwa malaki.